Kupima nguvu ya antioksidanti ya mululuza: namba zinapokataa kukaa sawa

"Shikamoo mzee. Mashine imekufa."

Alikuwa binti wa Bukoba anayesoma hapa Kampala, kasimama mlangoni mwa maabara, daftari kalibana kifuani. Nikaitikia marahaba, nikamwuliza mashine imesemaje. Akasoma: hasi asilimia 13.8. Kwa hesabu hiyo, majani ya mululuza ambayo bibi yake huwachemshia wajukuu wenye homa hayazimi radikali huru (molekuli korofi zenye elektroni isiyo na mwenza) hata moja, yanaziongeza. Sikutaka kuliona daftari. Nilimtuma akalete mrija. Tukauinua dirishani: kijani kizito, kama maji yaliyochemshiwa sukuma wiki.

"Sasa hapo mashine ingesema nini, mwanangu?"

Haya ninayoandika ni yale ambayo nimekuwa nikiwaeleza vijana mmoja mmoja, kila anayekuja na mashine "iliyokufa". Mfano wangu ni mululuza, Vernonia amygdalina, ambao kule Ankole wanauita omubirizi. Mengi yanafaa pia kwa mujaaja, mshubiri na majani mengine yanayouzwa kwa mafungu sokoni. Kwangu mimi kazi huanzia machoni: mrija utazamwe kwanza, namba ifuate.

Kipimo chenyewe, cha kuona jani linazima radikali kiasi gani (hiyo ndiyo nguvu yake ya antioksidanti), ni chepesi. DPPH ni radikali huru iliyotulia, unga mweusi unaoyeyuka katika methanoli na kutoa rangi ya zambarau. Ikikutana na kitu kinachoweza kuipa hidrojeni au elektroni, zambarau hufifia na kubaki njano. Spektrofotomita, ile mashine inayopima mwanga unaopita kwenye mrija, ikiwekwa kwenye nanomita 517 inapima zambarau iliyobaki. Mululuza haiujui, radikali haizijui. Inachojua ni mwanga kiasi gani umepita, na chochote kitakachouzuia mwanga huo, iwe rangi ya jani, tope au alama ya kidole kwenye kioo, itakihesabu kuwa ni DPPH ambayo haijaguswa.

Asilimia ni hasi, au dozi kubwa inaonekana dhaifu kuliko dozi ndogo

Hili ndilo la binti wa Bukoba, na ndilo ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote. Klorofili hufyonza zaidi mwanga wa buluu na mwekundu, kwa hiyo watu hudhani kwamba kwenye 517 iko salama. Ni kweli kwa dondoo (kimiminika kilichobeba vitu vilivyotolewa kwenye majani) jepesi. Dondoo la miligramu moja kwa mililita, lililotolewa kwa methanoli kwenye majani mabichi ya kijani, lina klorofili na karotenoidi za kutosha kuziba mwanga hata hapo.

Dawa yake ni blanki ya rangi: kwa kila dozi, tengeneza mrija mwingine wenye dondoo lile lile kwa kiasi kile kile, ila badala ya DPPH weka methanoli tupu. Usomaji wake unautoa. Tulifanya hivyo siku ile ile. DPPH peke yake ilisoma 0.580. Mrija wa mululuza ulisoma 0.660, na hapo ndipo ile hasi ilipozaliwa. Blanki ya rangi ya dozi hiyo ilisoma 0.341. Ukitoa, DPPH iliyobaki kwa kweli ni 0.319, toa hiyo kwenye 0.580, gawanya kwa 0.580, unapata asilimia 45. Mululuza haukuwa na kosa lolote.

Angalizo: blanki moja haitoshi kwa dozi zote. Nimeona mtu akipima rangi ya dozi ya katikati na kuitoa kwenye mirija yote sita. Dozi ndogo zake zikapaa hadi zaidi ya asilimia 100, na yeye akafurahi.

Kama blanki ya rangi yenyewe inakaribia au inazidi usomaji wa DPPH, kutoa hakutakuokoa, maana sasa unatafuta tofauti ndogo kati ya namba mbili kubwa. Punguza dozi. Au osha dondoo: liyeyushe katika methanoli ya asilimia 80, litikise na heksani kwenye faneli ya kutenganishia, umwage tabaka la juu lililobeba kijani. Flavonoidi za mululuza (aina ya fenoli, yaani vile vitu vya jani vinavyozima radikali), luteolini na glikosidi zake, hubaki kwenye methanoli. Tafadhali usitumie mkaa kuondoa rangi. Mkaa utakupa maji meupe ya kupendeza, lakini fenoli ulizokuja kuzipima zitakuwa zimenaswa nao.

Choya ni balaa zaidi. Wekundu wake unatokana na anthosiyanini, na hizo hufyonza mwanga karibu kabisa na pale pale DPPH inapofyonza. Huko blanki ya rangi haina mjadala hata kwa dozi ndogo.

Mrija umefanya ukungu

Rangi na ukungu ni vitu viwili, na kuna njia ya haraka ya kuvitofautisha: soma mrija kwenye nanomita 750. DPPH haifyonzi kitu huko. Kama mashine bado inaonyesha namba ya maana, kuna chembe zinazoelea.

Mara nyingi aliyepata ukungu ametumia dondoo la maji, na simlaumu. Bibi hampi mjukuu methanoli. Anachemsha majani au anayafikicha kwenye maji baridi. Anayetaka kujua mtu anakunywa nini lazima apime maji. Tatizo ni kwamba maji ya mululuza yana protini na sukari ndefundefu zinazoganda zikikutana na methanoli, na DPPH yenyewe haipendi maji. Maji yakizidi kwenye mchanganyiko, inaanza kujikusanya na kujitoa. Mimi sipendi maji yazidi theluthi moja ya mrija. Changanya dondoo la maji na methanoli kwanza, acha dakika kumi ligande linalotaka kuganda, zungusha kwenye sentrifuji, kisha tumia maji ya juu yaliyo angavu. Blanki yake nayo ipitie njia hiyo hiyo.

Ukiwa umetumia asetoni au ethili asetati, itazame kyuveti yenyewe, kile kichupa kinachoingizwa kwenye mashine. Zile za plastiki za bei nafuu huvumilia methanoli na ethanoli, lakini asetoni huzifanya ziwe kama dirisha la bafu.

DPPH peke yake haitulii

Asubuhi inasoma 0.58, saa sita 0.49, jioni 0.40, na hujaitia dondoo lolote. Hapo usiguse mululuza kwanza.

Chanzo cha kwanza ni mwanga. Chupa ya DPPH iliyowekwa karibu na dirisha inafifia yenyewe. Ivalishe foili, na uitengeneze upya kila siku ya kazi. Najua unga wake ni ghali na mkono ni mzito kumwaga, ila DPPH ya juzi itakugharimu majani ya wiki nzima. Usisahau kusoma DPPH peke yake mwanzoni, katikati na mwishoni mwa kila kundi la mirija.

Kama namba inapanda badala ya kushuka, methanoli inapaa. Kyuveti iliyoachwa wazi nusu saa kwenye chumba chenye joto hupungua, na kilichobaki kinakolea. Funika.

Kama kila chupa unayotengeneza inaanza na namba yake, ni mizani. DPPH ya milimola 0.1 kwa lita inahitaji miligramu 3.94 kwa mililita 100, na mizani inayosoma miligramu moja moja haiwezi kukupa hiyo. Inakupa bahati nasibu. Pima miligramu 19.7 kwa mililita 500. Ikiwa hutaki kupoteza methanoli, yeyusha hizo 19.7 katika mililita 50 halafu zimua mara kumi. Ipe muda iyeyuke, robo saa ya kukorogwa au zaidi, na angalia chini ya chupa kama kuna punje nyeusi zilizoganda. Milimola 0.1 husoma karibu 1.1 au 1.2, ukichanganya nusu kwa nusu na dondoo inashuka hadi karibu 0.55 hadi 0.6. Ukiona 0.3 wakati hujaanza, simama.

Halafu kuna friji. Umeme ukikatika usiku friji inapata joto, ukirudi inapoa, na chupa ya unga inatoka jasho ndani. Kila unapoitoa, iache ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa, ndipo uifungue. Na mashine iliyozimwa na umeme haiwi tayari kwa sababu tu skrini imewaka. Taa ipashe moto nusu saa, kisha weka sifuri upya. Nilijifunza hili kwa kupoteza mirija 36 katika mchana mmoja wa mvua.

Vitamini C inatoka dhaifu, au dozi zake zote zinasoma asilimia 94

Hii ni dalili ya thamani, kwa sababu vitamini C, unayoipima kando ya jani ili ujue kipimo kinasema kweli, ndiyo shahidi wako. Ikidanganya yeye, usimsikilize mululuza.

Kuna hesabu ninayomfanyisha kila mwanafunzi kabla hajaniita. Molekuli moja ya asidi askobiki huzima molekuli mbili za DPPH. Kama ndani ya mrija DPPH ni milimola 0.05, nusu yake ni 0.025, kwa hiyo vitamini C inayohitajika ni milimola 0.0125. Zidisha na uzito wake wa molekuli, 176.12, unapata mikrogramu 2.2 kwa mililita. Hiyo ndiyo IC50 unayotarajia, yaani kiasi kinachozima nusu. Ukipata 2 au 2.5, endelea na kazi. Ukipata 40, kuna kitu.

Mara nyingi "kitu" hicho ni vitamini C iliyotengenezwa juzi. Katika maji huharibika upesi, na punje ndogo za shaba au chuma kwenye maji ya bomba huharakisha. Itengeneze dakika chache kabla, kwa maji yaliyosafishwa au methanoli. Mara nyingine ni vidonge. Kijana mmoja alisaga vidonge vya duka la dawa, vile vya kutafuna vya rangi ya machungwa, akapima miligramu 100 za unga akiamini kapata miligramu 100 za vitamini C. Kidonge kilichoandikwa 500 kina uzito zaidi ya hapo: kuna sukari, wanga, na hiyo rangi.

Dozi zote zikisoma asilimia 94, umeanzia juu mno. Mikrogramu 50, 100, 200: zote zimemaliza DPPH yote na hazina tena cha kuzima. Anza na 0.5, panda 1, 2, 3, 5. Wala usisumbuke kuifikisha 100. Njano inayobaki baada ya DPPH kuzimwa nayo hufyonza kidogo kwenye 517, ndiyo maana wengi hugotea kati ya 90 na 95.

Mululuza unaishinda vitamini C

Hongera, lakini keti kwanza. Dondoo ghafi ni mchanganyiko wa sukari, chumvi, klorofili, vitu vichungu na fenoli kidogo. Ili lishinde kitu safi chenye IC50 ya mikrogramu 2.2 ingebidi karibu kila punje yake iwe inafanya kazi. Kwa kawaida majani hudai makumi au mamia ya mikrogramu.

Uliza maswali mawili. Je, umeandika dozi iliyo ndani ya mrija, au ile ya chupa kabla ya kuichanganya? Mililita moja ya dondoo na moja ya DPPH hugawa dozi kwa mbili, na wengi hukumbuka kuigawa ya mululuza na kusahau ya vitamini C. Na je, DPPH ni ile ile kwa vyote viwili? Ukiongeza DPPH ya ndani ya mrija kutoka 0.05 hadi 0.1, IC50 ya vitamini C inapanda kutoka 2.2 hadi 4.4 bila vitamini yenyewe kubadilika. Ndiyo sababu sipendi mtu anaposema "fulani alipata 60, mimi nimepata 120, kwa hiyo mululuza wa Uganda ni dhaifu". Huenda yeye alitumia nusu ya DPPH yako.

Muda nao usiusahau. Vitamini C humaliza kazi ndani ya dakika chache, fenoli nyingi huenda polepole. Soma mrija mmoja kila dakika tano mpaka namba iache kushuka, ujue kama dakika 30 zinatosha kwa jani lako. Na tia DPPH kwa kupishanisha sekunde 30 kati ya mrija na mrija, usome kwa kupishanisha hivyo hivyo. Usipofanya hivyo mrija wa kwanza unapata dakika 30 na wa kumi na mbili unapata 24.

Mwezi uliopita nusu ilizimwa na mikrogramu 90, mwezi huu 210

Mashine ikiwa sawa, DPPH sawa, vitamini C ikitoa 2.2, rudi kwenye jani. Hapa ndipo maswali yangu yanakuwa ya kijijini: ulichuma wapi, majani machanga au makuu, uliyaanika kwenye nini?

Jani lililopondeka linaendelea kufanya kazi baada ya kuchumwa. Vimeng'enya vyake hukutana na fenoli, fenoli zinaoksidishwa, jani linakuwa jeusi kwenye mikunjo. Mululuza uliosukumiwa ndani ya mfuko wa plastiki Masaka asubuhi na kufunguliwa Kampala jioni umeshapoteza sehemu ya ulichotaka kupima. Tandaza kivulini, tabaka jembamba, penye upepo, siyo juu ya lami penye jua na vumbi la bodaboda. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, kivuli peke yake hakitoshi: majani yanakaa wiki nzima yakiwa na unyevu, yanaota kuvu. Tumia oveni ya nyuzi 40. Ukinusa uvundo, tupa. Usijaribu "kuyaokoa" kwa kuyasaga.

Na unga unanyonya unyevu wa hewa. Gramu moja ya Julai si gramu moja ya Novemba. Chukua kidogo, kaushe kwenye nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, ujue maji ni kiasi gani, uripoti kwa uzito mkavu. Sampuli hiyo ya 105 usiipime antioksidanti; imeshaungua.

Kama ulinunua sokoni, hakikisha kwanza ni mululuza. Muuzaji anajua jina la Kiganda, wewe unahitaji jina la kisayansi. Beba tawi lenye maua kwenye hifadhi ya mimea ya Chuo Kikuu cha Makerere, waulinganishe na walionao, wakupe namba ya kielelezo. Bila hiyo namba, tofauti ya 90 na 210 inaweza kuwa ni mimea miwili.

Folin inatoa fenoli nyingi kuliko inavyowezekana

Kwa ufupi: Folin, kemikali inayotumika kukadiria jumla ya fenoli, haipimi fenoli peke yake, inapima chochote kinachokubali kuipa elektroni. Vitamini C na baadhi ya sukari vimo. Fuata mpangilio: dondoo, kisha Folin, subiri dakika chache, ndipo sodiamu kaboneti. Ukitanguliza kaboneti, Folin inaharibika kabla haijakutana na jani. Kama kuna mashapo meupe chini, zungusha kabla ya kusoma kwenye 765.

Emumbwa inageuka buluu kabla hujaitilia chuma

Binti wa Bukoba alirudi baada ya wiki mbili, safari hii na kijiti cha kijivu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikinunua soko la Owino, hapa Kampala. Asiyeijua emumbwa: ni dawa ya mitishamba iliyosagwa, ikakandwa na udongo wa mfinyanzi, ikafinyangwa vijiti na kukaushwa. Akina mama wajawazito hukwangua kidogo na kukoroga kwenye maji. Ukiinusa, unasikia udongo baada ya mvua, na nyuma yake uchungu wa majani.

Kwa FRAP, kipimo kingine cha antioksidanti, ilitoka juu mno. Kipimo hicho hufanyika kwenye tindikali ya pH 3.6: kloridi ya feri inachanganywa na TPTZ, kemikali inayoshikana na chuma, na antioksidanti zikiibadili feri kuwa ferasi (chuma kilichopokea elektroni moja), buluu inatokea, nayo husomwa kwenye 593. Sasa fikiria udongo wetu huu mwekundu na wa kijivu, uliojaa chuma. Ukiutia kwenye tindikali, sehemu ya chuma hicho hutoka na kuingia kwenye maji. Kama kimeshakuwa ferasi, buluu inakuja bila jani lolote kufanya kazi.

Tukapima hivi. Mrija wa kwanza, emumbwa na mchanganyiko kamili wa FRAP. Wa pili, emumbwa, tindikali na TPTZ, bila kloridi ya feri. Ule wa pili ukawa buluu, hafifu lakini buluu isiyo na shaka. Kutoa namba ya pili kwenye ya kwanza kunasaidia, ila hakumalizi kesi, kwa sababu ndani ya mrija wa pili fenoli za majani zinaweza kuwa ndizo zilizokibadili chuma cha udongo. Huwezi kujua nani kafanya nini. Na ukihamia DPPH, udongo unakuja na hila nyingine: unazing'ang'ania baadhi ya fenoli juu ya chembe zake, unazichuja pamoja nao, unasoma pungufu.

Kilichobaki ni kuvitenganisha tangu mwanzo. Tulikwenda Owino pamoja. Mama muuzaji alikuwa amekaa kwenye kigoda, vijiti vimepangwa mbele yake kwa rangi. Nikamwomba majani yale yale kabla hayajakandwa, na donge la udongo peke yake.

"Bila udongo?" akaniuliza, akanitazama mimi, akamtazama binti. "Ssebo, bila udongo hiyo si emumbwa."

Ana haki. Mteja wake hanywi majani, anakunywa kijiti. Tukanunua vyote vitatu, udongo, majani na vijiti vitatu vya kazi moja. Jumatatu binti akaandika mirija kwa kalamu ya alama, mistari mitatu, kila mmoja na blanki yake ya rangi na mrija wake usio na kloridi ya feri. Jumla 54. Nikamwambia apashe taa moto kwanza.